Kasuku Mchanga na Mshipi Wake

Ukipita jioni katika mitaa ya Bunia, huenda ukamwona kasuku wa kijivu barazani pa nyumba fulani, amekaa juu ya kijiti, mkia wake mwekundu ukielekea chini. Watoto wampigia mbinja, naye awajibu. Wapita njia wasimama na kucheka. Lakini yatazame vizuri mabawa yake. Mara nyingi utaona ya kuwa manyoya marefu yamekatwa kwa mkasi, au mguu mmoja umefungwa kwa uzi, na ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye msumari ukutani. Ukimwuliza mwenye nyumba sababu, atakujibu, "Nisipomkata, mwalimu, ataruka aende zake."

Jibu hilo lina ukweli. Hatumcheki mtu aogopaye kupoteza kitu akipendacho, maana sisi wenyewe tulikuwa na hofu hiyo hiyo, na mkasi tulikwisha kuushika mkononi. Hata hivyo ipo njia nyingine, isiyo ya mkasi wala ya uzi mguuni. Ni kumzoeza ndege angali mchanga kuvaa mshipi wa kifuani wenye kigwe, yaani kamba ya kumshikia, ili aweze kutoka nje, apate jua na upepo, aruke kidogo, na kurudi nyumbani salama. Kazi hiyo yataka saburi kuliko ufundi. Twaandika habari zake kwa ajili ya akina baba na akina mama ambao tayari wana ndege nyumbani, na kwa ajili ya watoto wao, ambao mara nyingi ndio wamlishao.

Onyo kwanza

Kabla ya kusema lolote juu ya mshipi, hatuna budi kusema neno moja: usimnunue kasuku wa porini. Mbuga za nyasi zinazouzunguka mji wetu si kwao. Kwao ni msitu ulio upande wa magharibi, ukishapita Komanda, ukaendelea Mambasa na Epulu hata jimbo la Tshopo. Huko watu humkamata kwa ulimbo. Hupanda mti mrefu ambao ndege hawa hupenda kutua, humfunga hapo kasuku mmoja wa kuwaita wenziwe, na kuvipaka ulimbo vijiti vinavyomzunguka. Kasuku ni ndege wa makundi. Wakimsikia mwenzao analia, huja. Na kila atuaye hunaswa. Kisha husongamanishwa katika matenga, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni.

Hesabu yao yatisha. Kuanzia mwaka 1982 hata 2001 kasuku wa kijivu zaidi ya 600,000 waliokamatwa porini waliingia katika biashara ya mataifa. Katika nchi ya Ghana, ambako zamani makundi yao yalikuwa makubwa, sasa karibu wametoweka. Marekani iliweka sheria ya kuzuia ndege wa porini wasiingizwe mwaka 1992, na Umoja wa Ulaya ukakataza kabisa mwaka 2007. Mwezi wa Oktoba 2016 wajumbe wa mataifa walikutana Johannesburg, katika mkutano wa mapatano yaitwayo CITES, wakamwandika kasuku huyu katika orodha ya viumbe wanaolindwa kuliko wote. Mapatano hayo yalianza kutumika juu yake mwezi wa Januari 2017. Nasi katika Kongo tunayo sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile; viumbe wa pori si mali ya kila mtu apitaye na kikapu.

Mtu anunuaye kinda kwa huruma, kusudi amwokoe, amlipa mtegaji mshahara wake, naye mtegaji atarudi msituni kesho. Kwa hiyo haya tuandikayo si ya kumhimiza mtu atafute kasuku. Ni ya yule ambaye ndege amekwisha kuwa mikononi mwake, kama ilivyotupata sisi.

Jinsi Mgeni alivyofika

Mwaka 2021 watu wengi wa upande wa Komanda walivikimbia vijiji vyao kwa sababu ya mashambulio. Mmoja wao alikuwa shangazi yetu. Alifika Bunia jioni moja pamoja na wajukuu wawili, sufuria mbili, godoro moja, na kikapu kilichofunikwa kwa kitenge. Tulidhani ndani ya kikapu mna kuku. Alipofunua, tulimwona kinda wa kasuku, manyoya yakichipua, macho meusi, mdomo mkubwa usiolingana na kichwa. Mti mkubwa ulikuwa umekatwa kwa ajili ya makaa, na katika tundu la mti huo makinda walikuwa watatu. Wawili walikufa njiani. Mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi, alikuwa amemtafunia huyu wa tatu mahindi kwa siku nne.

"Shangazi," tukamwambia, "watu wamekimbia na watoto wao, wewe umekimbia na ndege?"

"Mwanangu," akajibu, "mtoto huyu ameacha vitu vyake vyote. Ningemwambia aache na hiki?"

Hatukuwa na neno la kujibu. Tuliwapelekea habari wanaohusika na wanyama wa pori, tukaambiwa tumtunze vema. Kiko kituo huko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho huwapokea sokwe na kasuku walionyang'anywa wafanya biashara. Lakini barabara za siku zile hazikuwa za kumsafirisha kinda. Kumrudisha msituni pia haikuwezekana, maana kinda aliyelelewa na watu hajui chakula cha msituni wala adui wa msituni. Basi akakaa. Watoto wakampa jina Mgeni, kwa kuwa alifika pamoja na wageni.

Kwa nini aruke?

Wengine husema, "Ndege akipata chakula, yatosha." Sivyo. Kasuku wa kijivu ana akili nyingi. Mwaka 1977 mwanachuoni mmoja wa Marekani, bibi Irene Pepperberg, alimnunua kasuku wa namna hii dukani huko Chicago, akampa jina Alex, akamfundisha muda wa miaka thelathini. Alex alijifunza maneno yapata mia. Alitaja rangi na maumbo ya vitu, alihesabu hata sita, na alipochoka aliomba kurudishwa mahali pake. Alikufa mwaka 2007. Kiumbe mwenye akili ya namna hii, akifungwa mahali pamoja mchana kutwa bila kazi, huanza kujinyonyoa manyoya yake mwenyewe, mpaka ngozi ya kifua yaonekana.

Tena mwili wake umeumbwa kwa ajili ya hewani. Asiporuka, misuli ya kifua hudhoofika, mafuta humzidi. Na asipopata jua, mwili wake hushindwa kuitumia kalsiamu ya chakula. Kasuku wa kijivu ni mwepesi wa kupatwa na upungufu huo, naye huweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kwa hiyo kutoka nje si anasa kwake, ni afya.

Sasa tuzipime njia zile mbili za barazani. Mkasi kwanza. Manyoya yaliyokatwa huota tena ndege abadilipo manyoya, na hakuna atakayekupigia kengele siku hiyo. Tena ndege aliyekatwa mabawa huweza kuchukuliwa na upepo mkali juu ya paa la jirani, asiweze kurudi; na akianguka chini, hawezi kumkimbia mbwa wala paka. Uzi wa mguuni ni mbaya zaidi. Kasuku akishtuka huruka kwa nguvu zake zote, na uzi ukifika mwisho, nguvu zote hizo huangukia mfupa mmoja mwembamba. Mguu huvunjika au kuteguka. Asiyeamini na amtazame kasuku wa jirani anavyotembea.

Mshipi ulivyo

Mshipi mwema hushonwa kwa utepe laini wa bapa. Una kitanzi cha shingoni na kitanzi cha kiwiliwili kinachopita nyuma ya mabawa. Vitanzi hivyo huungana kifuani na mgongoni, na mabawa yabaki huru kabisa. Kigwe hufungwa mgongoni, nacho chavutika kama mpira, ili ndege akifika mwisho wake asimamishwe polepole, pasipo kukatwa pumzi. Ndege avutwapo, uzito wote hukaa kifuani, penye nguvu, wala si shingoni wala mguuni.

Mishipi ya namna hii huuzwa Ulaya na Marekani, kwa watu wafugao kasuku waliozaliwa katika vizimba. Sisi tulipata mmoja kwa ndugu yetu aliyeko Ubelgiji. Huuzwa kwa vipimo, kufuatana na uzito wa ndege. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa na gramu 400 hata 500 hivi. Mizani ya gramu si kitu cha ajabu katika Bunia, mji wa wauza dhahabu. Sisi twatumia ya jikoni.

Tulijaribu kumwomba fundi cherehani atushonee wa pili. Ulikuwa mzuri wa kutazama, lakini Mgeni alizikata nyuzi zake kwa mdomo kabla chai haijapoa. Kwa bahati tulikuwa ndani ya nyumba. Basi twamsihi msomaji asitengeneze mshipi wa nyuzi za kawaida, wala wa kamba nyembamba, kwa maana nyembamba hukata ngozi na ile ya nyuzi huliwa. Ikiwa mshipi wa kweli haupatikani, mfungulie ndege chumba kimoja aruke ndani ya nyumba, madirisha yakiwa yamefungwa, na umpeleke kwenye jua akiwa ndani ya kizimba. Hiyo pia ni njia njema.

Kosa letu

Siku mshipi ulipofika tulifanya haraka. Mgeni alikuwa amekwisha kuota manyoya yote. Tena alikuwa ameanza kuruka chumbani, kutoka kabatini hata mezani. (Jambo hilo tulilifanya sawasawa: kasuku huacha tundu lake akipata miezi mitatu hivi, na yafaa ajifunze kwanza kuruka na kutua vizuri kabla ya kuvishwa kitu chochote. Asiyejua kutua ataumia, hata akiwa na mshipi.) Basi tulimfunika kwa taulo, tukamshika, tukamvika mshipi kwa nguvu. Alipiga kelele mpaka majirani walitoka nje. Alituuma kidole hata damu ikatoka. Tulipomwachilia alijiviringisha sakafuni akiutafuna mshipi, na tulipomvua alipanda juu ya kabati, akakaa huko mpaka usiku. Muda wa siku kumi na mbili hakuja mkononi mwa mtu yeyote, isipokuwa kwa yule mtoto wa mahindi.

Shangazi alikuwa akitutazama. Akasema, "Mwanangu, wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza huwafundisha kusoma kwa siku moja?"

Tuliona haya. Darasani twajua kwamba mtoto aliyepigwa kwa ajili ya kitabu huchukia kitabu. Nyumbani tulikuwa tumelisahau. Mshipi tukauweka sandukuni mwezi mzima, kisha tukaanza upya, na safari hii tulimweka yule mtoto mbele, sisi tukawa wasaidizi.

Hatua za kumzoeza

Kanuni ya kwanza: fundisha kwa dakika tano tu, asubuhi na jioni, na uache ndege angali anapenda. Kanuni ya pili: usimnyime chakula kusudi atii. Mtunzie tu kitu kimoja akipendacho sana, asikipate wakati mwingine isipokuwa wakati wa mafunzo. Mgeni alipenda chikichi na nusu ya karanga. Karanga ziwe safi, pasipo ukungu, maana ukungu wa karanga huharibu ini na mapafu ya kasuku. Kanuni ya tatu: akiegemea nyuma, akibana manyoya mwilini, au akifungua mdomo kwa kutisha, simama. Amesema "sitaki", nawe ukimsikiliza leo, kesho atasema "haya".

Hatua ya kwanza ni mkono. Mguse shingo kwa kidole kimoja, umpe karanga. Inua bawa moja kidogo, umpe karanga. Endelea hivyo siku nyingi, mpaka kuguswa kumekuwa habari njema kwake. Kwa Mgeni, aliyekuwa ametiwa hofu na sisi, hatua hiyo ilichukua majuma matatu. Kinda asiyetishwa huenda ikachukua siku chache.

Hatua ya pili ni macho. Mshipi ulazwe mezani, mbali kidogo na chakula chake. Asiguswe nao. Akiutazama tu, apewe karanga, akiukaribia, apewe, akiugusa kwa mdomo, apewe. Lakini akianza kuutafuna, uondolewe kwa upole, asije akadhani ni kichezeo.

Hatua ya tatu ni kichwa, nayo ndiyo ngumu kupita zote. Shika kitanzi cha shingoni kikiwa wazi sana, na upande wa pili ushike karanga. Usimsukumie kitanzi. Yeye mwenyewe ndiye atakayeingiza kichwa ili aichukue karanga, kisha akitoe. Akitoa, mwache. Siku ya kwanza Mgeni aliingiza mdomo tu. Siku ya tano aliingiza kichwa hata macho. Siku ya tisa kichwa chote kilipita, akala karanga yake kwa utulivu, na yule mtoto alitazama kando ili asicheke kwa furaha akamshtua.

Hatua ya nne ni mabawa, moja baada ya moja, kwa kuinua kama alivyozoezwa katika hatua ya kwanza. Hatua ya tano ni kukaza. Kati ya utepe na mwili pawe na nafasi ya ncha ya kidole kidogo. Ukilegea, atatoka, ukibana, hatapumua vema, kwa kuwa ndege hupumua kwa kupanua kifua. Hakikisha pia ya kuwa hakuna unyoya uliopindwa chini ya utepe.

Hatua ya sita ni kukaa nao ndani ya nyumba. Mara ya kwanza dakika moja, kisha mbili, kisha tano, huku akila na kucheza ili ausahau. Halafu unafungwa kigwe, naye aruke kutoka kiti hata mkono wa mtu. Hapo tulimfundisha pia kuitika wito: mbinja moja fupi, na mkono ulionyoshwa. Kila alipokuja, alipata thawabu. Hatukumwita kamwe kwa ajili ya jambo asilolipenda, kama vile kurudishwa kizimbani kabla ya saa yake, kusudi wito usiwe uongo masikioni mwake.

Hatua zote hizo zilituchukua karibu miezi minne.

Kutoka nje

Tulichagua asubuhi moja isiyo na upepo, wakati wa kiangazi, saa moja na nusu, kabla pikipiki hazijajaa barabarani. Mara ya kwanza tulikaa mlangoni tu, dakika kumi, yeye mkononi, akitazama mawingu. Kwa ndege aliyelelewa chumbani, mbingu ni kitu kikubwa mno. Juma lote hatukwenda mbali kuliko hatua tatu. Baadaye tulifika uwanja mmoja mpana usio na miti wala nyaya, kwa kuwa kigwe kikizingwa tawini ndege huning'inia pasipo msaada.

Kigwe kiwe na kitanzi cha kuvaa katika kifundo cha mkono wa mtu mzima. Kisifungwe kamwe kwenye kiti, wala mti, wala nguzo, maana mkono humfuata ndege ukamlegezea, na nguzo haimfuati. Mrefu wake mwanzoni uwe kama mita mbili. Mtu mmoja ashike kigwe, mwingine amwite, naye aruke nafasi fupi kati yao. Ukaguliwe mshipi kila mara kabla ya kutoka, utepe wote, vifungo vyote, kwa vidole na kwa macho. Siku utakapoona uzi mmoja umetafunwa, siku hiyo hamtoki.

Sasa twasema habari ya siku moja. Watoto walikuwa uwanjani, kigwe kikiwa katika mkono wetu, na Mgeni alikuwa ameruka mara nne vizuri sana. Mara kivuli kikapita juu ya nyasi. Alikuwa mwewe, wale watafutao vifaranga mitaani. Mgeni hakupiga hata kelele. Alipaa wima, kwa nguvu ambazo hatukujua ya kuwa anazo, akielekea juu ya mapaa. Kigwe kikanyoka, kikavutika, kikamsimamisha polepole. Akageuka hewani, akashuka mzunguko mmoja, akatua begani pa mtoto, moyo wake ukidunda hata tuliuona chini ya manyoya. Mwewe alikwenda zake.

Njiani kurudi, mtoto aliuliza, "Baba, kama asingekuwa na mshipi, angerudi?"

Tulimjibu kweli: hatujui. Mgeni alimpenda mtoto huyo kabla ya siku hiyo, na alimpenda hata baadaye. Lakini hofu ilipomshika hakukumbuka upendo, alikumbuka mabawa tu. Kigwe hakikuwekwa kwa ajili ya siku za kawaida, ambazo angerudi mwenyewe kwa ajili ya karanga. Kiliwekwa kwa ajili ya siku ya mwewe.

Mambo mengine ya kukumbuka

Mwenye kasuku ajue vyakula vya sumu. Katika Bunia parachichi ni chakula cha kila siku, nao watoto hupenda kumgawia ndege. Lakini parachichi huua kasuku. Kadhalika asipewe chakuleti, kahawa, pombe, wala vitu vya chumvi nyingi. Asikae penye moshi wa makaa, kwa kuwa mapafu yake ni mepesi kuliko yetu. Apimwe uzito mara kwa mara, na uandikwe daftarini. Ndege huficha ugonjwa wake, na mara nyingi mizani huutambua kabla ya macho. Naye apate usingizi wa saa kumi hata kumi na mbili, mahali pa giza na kimya.

Tena na ajue hesabu ya miaka. Kasuku wa kijivu aliyetunzwa vema huweza kuishi miaka arobaini au hamsini. Amchukuaye leo kwa kumfurahisha mtoto, amtwika mtoto huyo mzigo hata atakapokuwa na wajukuu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutonunua.

Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua yake Laudato Si', akatukumbusha ya kuwa dunia ni nyumba ya wote na viumbe vina thamani mbele ya Mungu, si kwa ajili ya matumizi yetu tu. Bwana wetu naye alipotaka kutueleza utunzaji wa Baba yake alitaja shomoro, ndege wa bei ndogo kuliko wote sokoni. Kasuku mmoja wa barazani si jambo kubwa katika mji wenye wakimbizi wengi kama wetu, twajua. Lakini mtoto aliyekimbia kwao bila kitu, akapewa kazi ya kumfundisha kiumbe dhaifu pasipo kumlazimisha, amejifunza jambo ambalo nchi yetu yalihitaji sana. Kijana huyo sasa hapigani tena shuleni kama alivyokuwa akipigana mwaka ule wa kwanza. Hatusemi ni kwa ajili ya ndege. Twasema tulivyoona.

Macho ya Mgeni, yaliyokuwa meusi, yamegeuka manjano, dalili ya kuwa utoto umekwisha. Hata sasa, kila asubuhi ya kutoka, mshipi huletwa wazi mkononi, nasi twangoja. Zipo asubuhi ambazo hataki, nasi twarudisha mshipi sandukuni pasipo neno. Asubuhi nyingine anainamisha kichwa mwenyewe, na kukipitisha.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na kasuku mchanga nyumbani mwako, weka mkasi mbali. Kesho asubuhi laza mshipi mezani, shika nusu ya karanga, na ukae. Usimguse. Kazi ya siku ya kwanza ni hiyo tu.